Fomu Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Agosti

Ukungu mpaka saa nne. Nimekama ng'ombe wawili, wa tatu amegoma, mguu umevimba. Maziwa nikafikisha kituoni nikiwa nimechelewa. Nikawasainia wote kitabu cha maziwa: mimi mwenyewe, Mama Njeri, Mama Kiplangat na wengine wa kilima chetu, kama kawaida. Karani hata haangalii. Anajua mkono ni wangu.

Saa sita binti yangu Cherotich amepiga simu kutoka Nakuru. Amebakisha semista moja tu amalize digrii ya pili. Moja. Inaanza tarehe nane Septemba. Alikuwa anacheka ovyo vile alikuwa akicheka akiwa darasa la tatu. Sura nne za kitabu chake zimeisha. Halafu akasema, kama jambo dogo tu, kwamba mwalimu anayemsimamia anataka kuwapigia simu wanawake kumi kati ya wale waliojaza fomu zake za utafiti. Kuhakikisha. Ati wanafunzi wote hufanyiwa hivyo.

Nilisema sawa, mama. Nikakata simu. Nikakaa juu ya debe nje ya zizi.

Ee Bwana.

Jumanne, 5 Agosti

Wacha niandike vile ilikuwa. Hakuna mtu nimewahi kumwambia.

Mwezi wa tano Cherotich aliniletea fomu arobaini. Kazi yake ni juu ya wanawake wakulima wa huku kwetu Olenguruone. Wanafanya kazi gani, wanalala namna gani, nani anaamua mambo kwa nyumba, na moyo ukisumbuka wanamwambia nani. Unazungushia nambari. Moja ni hapana kabisa, tano ni kila wakati. Mwisho mwanamke anaweka sahihi yake. Alinipa mimi kwa sababu ni mwenyekiti wa kina mama kanisani, hakuna mlango nafungiwa. Yeye alikuwa na mitihani. Alizitaka ndani ya wiki mbili.

Mvua ilikuwa mbaya. Barabara ya juu ilikatika. Ishirini na sita zilijazwa vizuri, nilikaa na kila mmoja nikamsomea maswali. Kumi na nne zikabaki. Mama Njeri aliniambia, "Si unanijua? Jaza tu, mimi niko kwa viazi." Mwingine akasema vivyo hivyo. Wale wengine kumi na wawili sikuwauliza hata. Nilikaa mezani na chai yangu, nikaomba kwanza. Ndiyo, niliomba. Nikasema Bwana niongoze. Nikazijaza zote. Nilibadilisha kalamu, buluu, nyeusi, buluu. Ya Mama Kiplangat niliandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu mkono wake hutetemeka. Nikaweka sahihi zao vile mimi huweka kituoni kila asubuhi.

Sikuona ni uongo. Miaka ishirini nimekaa na hawa watu. Nimewazika waume zao na nimepokea watoto wao. Nilidhani nawabebea mzigo.

Kama si uongo, kalamu nilibadilisha za nini?

Alhamisi, 7 Agosti

Baba Cherotich amechagua ndume wa sherehe ya Disemba, mtoto akihitimu. Yule mwenye doa kwa paji la uso. Anamwonyesha kila mtu anayepita njia: "Huyo haendi sokoni. Huyo ni wa digrii."

Sijamwambia. Nikijaribu, nachukua ndoo nikaenda zizini.

Jumapili, 10 Agosti

Mchungaji amenisimamisha mbele ya kanisa lote. "Simama, mama wa msomi." Nikasimama. Makofi. Mimi niliachia darasa la nane, na kwetu wote hakuna aliyefika hapo mtoto amefika. Ningefurahi. Badala yake macho yalikuwa kwa mabenchi, nawatafuta. Kati ya wale kumi na wanne, kumi na wawili walikuwa wamekuja. Wawili hawakuwa.

Niliomba mtandao upotee siku huyo mwalimu atapiga simu. Maombi gani hayo? Mtu mzima, mwenyekiti.

Nikimwambia Cherotich, kazi yake inaanguka. Nisipomwambia, simu itapigwa, mwanamke atasema mimi sikuulizwa kitu, na watasema Cherotich ndiye alijiandikia. Itamwangukia yeye. Niko kama ndama aliyeingiza kichwa kwa ua. Mbele mabega hayapiti, nyuma masikio yanakwama.

Jumatano, 13 Agosti

Leo nimefanya jambo baya zaidi, au nilianza kulifanya. Nilisema nitapita kwa wale kumi na wanne mmoja mmoja, niwaambie majibu yao. Wakipigiwa simu wawe tayari. Nikaanza na Mama Kiplangat kwa sababu tunakaa benchi moja kila Jumapili na hana maneno mengi.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nikamwambia, ukipigiwa na mtu wa chuo, sema ulijaza fomu.

Akacheka. "Na nilisema nini, Mama Cherotich? Nisije nikajipinga."

Nikamwambia ulisema unalala vizuri. Kila wakati. Tano.

Kisu kikasimama. "Mimi?"

Mwanawe Kiplangat yuko Uarabuni, mwaka wa pili sasa. Hiyo naijua. Kile sikujua ni kwamba tangu aende yeye hulala saa moja, saa mbili, basi. Saa zingine zote anasikiliza mbwa wakibweka akidhani ni mtu analeta habari. Alinieleza hivyo akiangalia kiazi, si mimi. Kila Jumapili namuuliza umelalaje, anasema salama, nasema asifiwe Bwana. Nikaenda nikaandika tano.

Halafu akauliza kwa ile ya kumwambia mtu shida niliandika nani.

"Mwenyekiti wa kina mama."

"Si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Uuui." Akacheka tena, lakini kicheko hakikunifikia vizuri. "Mimi huambia ng'ombe. Ng'ombe hachukui shida yangu akaiombea kwa kipaza sauti."

Nilijua anachosema. Mwaka jana nilimwombea binti yake mbele ya watu wote, nikataja na sababu. Nilidhani ni upendo. Hakuniambia chochote mwaka mzima.

Nilirudi nyumbani. Kwa wengine sikuenda.

Ijumaa, 15 Agosti

Mvua ya mawe. Mahindi ya upande wa chini yamelala. Siwezi kula. Nimemkemea Baba Cherotich bure juu ya kamba ya ndama.

Cherotich anakuja kesho.

Jumamosi, 16 Agosti

Amekuja. Amekonda, lakini uso unang'aa. Kabla hata ya kuvua viatu alifungua kompyuta mezani, akaniita nione. Ni picha ya majibu, nguzo za rangi, zingine fupi zingine ndefu. Akaniwekea kidole. "Mama, tazama hii. Wanawake wa huku wanalala vizuri kuliko vile mimi nilifikiria. Na wana mtu wa kuwaambia shida. Nimeandika karibu sura nzima juu ya hiyo. Msimamizi ameipenda sana."

Hiyo nguzo ndefu ni mimi. Mimi peke yangu nikiwa na kalamu tatu.

Nilisema ni nzuri sana, mama. Nikatoka kwenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na kitu juu yake.

Jumapili, 17 Agosti

Kanisani wamemwekea Cherotich mikono. Mchungaji ameomba muda mrefu, kina mama wakaimba. Mama Njeri alikuwa anarukaruka na mgongo wake mbaya. Mama Kiplangat aliimba pia, akaniangalia mara moja tu. Hakuna hasira kwa yale macho. Heri ingekuwepo.

Cherotich ananishika mkono tukirudi. Anapanga Disemba. Nani ataalikwa, nani atapika, mimi nitavaa nini. Mtoto anajenga na mimi najua chini hakuna msingi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimemwambia.

Ilikuwa asubuhi kwa zizi. Alikuja kunishikia ndoo vile alifanya akiwa msichana. Nilikuwa na kichwa kwa ubavu wa ng'ombe, sikuwa namwona. Nafikiri ndiyo maana niliweza. Nikasema zile fomu zingine nilijaza mimi.

Nikaendelea kukama. Maziwa tu ndani ya ndoo.

"Ngapi, Mama?"

"Kumi na nne."

"Sahihi pia?"

"Pia."

Aliweka ndoo chini polepole, haikumwagika hata tone. Ningependa angeimwaga. Akacheka kicheko kibaya. "Kwa hivyo hiyo miezi yote nimekuwa nikipiga hesabu ya mawazo ya mama yangu."

Nilianza kueleza mvua, barabara, Mama Njeri na viazi vyake. Akasema, "Mama, tafadhali." Akaenda ndani, nikamfuata, akatoa bahasha ya fomu, akaimwaga mezani. "Toa zako."

Nilizitoa moja moja. Sikuhitaji kutafuta. Ile ya mkono wa kushoto aliiangalia kwa muda, akaniangalia mimi, akairudisha juu ya zingine. Akazifunga na kamba. Saa mbili alikuwa ameshapanda bodaboda na begi lake. Chai yake ilibaki mezani na sahani juu. Hakumuaga baba yake.

Jumatano, 20 Agosti

Simu yake haishikwi.

Nililazimika kumwambia mzee wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi. Nilidhani atanipigia kelele. Akasema, "Si ungenyamaza? Ungekaa na hiyo dhambi mpaka Disemba. Disemba tuchinje ndume, watu wale, waende. Halafu utubu Januari vizuri."

Nikacheka. Lakini hakuwa anafanya mzaha. Ameenda kukaa kwa ndume wake hadi jua likaingia.

Na mimi nakiri hapa, peke yangu: nilitamani hilo hilo. Kila siku tangu tarehe nne.

Ijumaa, 22 Agosti

Ujumbe kwa simu. Naunakili hapa nisije nikaufuta kwa bahati mbaya.

"Nimemwambia mwalimu. Hakunifukuza. Amesema fomu zote zirudiwe, hata zile nzuri, na anayeuliza asiwe mtu wa familia ila mimi mwenyewe. Sura ya nne, ile nilikuonyesha, imeenda bure. Septemba siingii semista ya mwisho. Labda Januari. Usipige leo."

Nimeusoma mara nyingi. Asiwe mtu wa familia. Ni mimi huyo. Nimewekwa kwa sheria.

Wenzake wataingia tarehe nane, yeye hapana. Mtoto hakukosa hata siku moja darasani. Alisoma na kibatari, alisoma akiwa na homa. Nimemrudisha nyuma mimi, mama yake, nikiwa na Biblia mezani kando ya hizo fomu.

Jumanne, 26 Agosti

Watu husema ukikiri unakuwa mwepesi. Mimi bado ni mzito. Nikipiga magoti naona nguzo za rangi.

Ng'ombe wa tatu amepona mguu.

Ijumaa, 29 Agosti

Ushirika wa kina mama ulikuwa kwa Mama Njeri. Nilikuwa nimepanga kusema mwisho, baada ya chai. Nikaona nikingoja chai sitasema. Nikasimama kabla ya wimbo.

Niliwaambia nilijaza fomu za wengine wao bila kuwauliza, nikaweka na sahihi zao, na Cherotich hataingia semista kwa sababu hiyo. Nikawataja majina, wote kumi na wanne. 

Kwanza walicheka. Sikutarajia. Mama Njeri alishika kiuno: "Ngoja. Kwani nilisema bwana yangu hunisaidia kazi?"

"Ulisema ndiyo. Mara nyingi."

"Mara nyingi! Wanawake, mmesikia? Mama Cherotich ameniozesha upya!" Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Mzee wake alikuwa nje anapasua kuni, nikamsikia akiuliza kuna nini huko.

Halafu kicheko kikaisha. Na ilikuwa mbaya, kwa sababu kila mmoja akaanza kufikiria yake. Mmoja akauliza mimi uliniandikia nini kwa lile swali la kupigwa nyumbani. Nikasema niliandika moja, hapana kabisa. Alichukua leso yake, akatoka. Ni mwanamke nimefunga naye na kuomba naye. Nimekula kwake Krismasi.

Mama Njeri ndiye alisema, bila ubaya, "Sasa hata kile kitabu cha maziwa, wacha kila mtu ajisainie. Hapo ndipo tulikuharibia mkono."

Niliwaambia nitaachia na kiti cha mwenyekiti. Mama Kiplangat akaanzisha wimbo.

Jumatatu, 1 Septemba

Foleni kituoni leo. Kila mwanamke na kalamu yake. Karani ameshangaa. "Mathe, kwani mmeenda shule nyote wikendi?" Mama Kiplangat alichukua muda mrefu kuandika jina, sisi sote nyuma tukingoja, maziwa yakipata joto. Hakuna aliyemharakisha. Nilikuwa nimeshika mikono yangu nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa.

Jumatano, 3 Septemba

Mwanamke aliyetoka na leso nimemwona sokoni. Amevuka upande wa pili. Nilitaka kumfuata. Sikumfuata.

Baba Cherotich amesema ndume atauzwa au atakaa, hajui. Nimemwambia akae.

Jumamosi, 6 Septemba

Cherotich amefika jioni na fomu mpya, bahasha mbili. Amenisalimia vizuri, kwa heshima, kama mtu anasalimia mama wa rafiki yake. Amelala chumba chake cha zamani. Aliniambia mambo matatu tu: atapita nyumba kwa nyumba yeye mwenyewe, ataanza Jumatatu, na mimi nisije. "Ukiwa hapo, Mama, watakuangalia wewe kabla hawajajibu."

Nilisema sawa. Ni kweli. Inauma lakini ni kweli.

Nilimtolea gambuti zangu za kukanyagia matope, za kwake zimepasuka.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo ndiyo siku wenzake wameingia darasani. Hakuitaja. Mimi pia sikuitaja. Alinywa chai akiwa amesimama, akaweka fomu ndani ya karatasi ya nailoni, akashuka njia. Nilimwangalia mpaka kwa mti wa Mama Njeri, kisha nikajilazimisha kugeuka.

Nimepalilia vitunguu. Nimefua. Mara tatu nimejikuta langoni.

Amerudi saa tisa, matope mpaka magotini. Nyumba tatu tu kwa siku nzima. Nilimwekea viazi na mboga. Alikula kwa njaa. Katikati ya kula akasema, akiangalia sahani, "Kuna mmoja tumekaa na fomu moja kutoka saa nne mpaka saa saba. Alikuwa na mengi."

Nilijua ni nani. Au nilidhani najua.

Sikuuliza. Nikamwongezea chai. Akasukuma kikombe karibu ili nisimwage.